Kinena cha mwanasoka wa kike: kukiimarisha kabla hakijaanza kuuma

Nafundisha viungo kwenye timu ya wanawake hapa Tanga, timu ya ridhaa. Gym hatuna, basi la timu hatuna. Tuna mipira isiyotosha na benchi moja refu la mbao tulilopewa na shule jirani. Natanguliza hayo ili kocha mwenzangu anayesoma akiwa Songea, Kakamega au Goma asije akadhani nitamtuma kwenye mashine. Kila ninachoeleza hapa kinafanyika majanini, mchangani au kwenye baraza ya saruji, na kwa siku hakizidi robo saa.

Ninayemzungumzia ni mchezaji anayeumwa kinena, pale paja la ndani linapokutana na mfupa wa mbele wa nyonga. Kwenye soka la wanawake goti ndilo limechukua maneno yote, na halikuonewa: kano ya mbele ya goti hukatika kwa wanawake mara 2 hadi 3 zaidi kuliko kwa wanaume. Kinena, kinyume chake, takwimu zinaonyesha wanaume ndio wanaoumia zaidi, na kocha akishasikia hivyo hufunga daftari. Shida iko kwenye hesabu yenyewe. Mara nyingi jeraha haliandikwi mpaka mchezaji akose mazoezi au mechi. Goti likikatika mtu anabebwa. Kinena kikiuma mtu anaendelea kucheza. Uholanzi walipowafuatilia wanawake wa ridhaa, katika utafiti uliotoka 2019, nyonga na kinena ndivyo vilivyoongoza kwenye majeraha yasiyomtoa mchezaji uwanjani. Yaani wapo, wanachechemea kila asubuhi, na majina yao yamo kwenye kikosi cha kwanza.

Kwetu linaongezeka jambo jingine: mahali penyewe panatia haya. Binti wa miaka 17 hawezi kumwendea kocha wa kiume, wala mchua misuli wa kiume, akamwonyesha kwa kidole anapoumwa. Atasema paja limekaza, au tumbo linauma. Akifika nyumbani bibi ataamua kwamba hilo ni chango na atamchemshia mizizi. Kaka yake angeambiwa ana mshipa. Huku mizizi inachemka, kila jioni yuko uwanjani anapiga krosi.

Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote, kuna kuuliza.

Jumatatu, namba moja kwa kila mchezaji

Tunacheza mwisho wa wiki, kwa hiyo kipimo changu ni Jumatatu, kabla ya kupasha. Mchezaji analala chali juu ya kanga, miguu imenyooka. Ninapiga magoti miguuni pake na kuweka mkono wangu kati ya vifundo vyake vya miguu, kiwiko kinagusa kifundo kimoja na kiganja kinagusa cha pili. Nikisema "bana", anaubana mkono wangu kwa nguvu zake zote kwa sekunde 5. Kisha ananipa namba: 0 ni hakuna maumivu kabisa, 10 ni maumivu makali kuliko anavyoweza kufikiria. Kipimo hiki kilitoka kwa wataalamu wa Copenhagen, Denmark, na usomaji wake ni wa taa za barabarani: 0 mpaka 2 ni kijani, 3 mpaka 5 ni njano, 6 kwenda juu ni nyekundu.

Namba inatajwa kwa sauti ya chini na mimi naiandika. Haitangazwi. Siku ikitangazwa mbele ya kocha mkuu, kuanzia siku hiyo timu nzima itakuwa kijani.

— Ngapi?
— Mbili, kocha.
— Mbona umekunja uso?
— Basi nne.

Mazungumzo hayo nimeyafanya mara nyingi, na ndiyo sababu nashauri anayepima aangalie uso, asiandike namba tu. Timu yenye makocha wa kiume watupu imchague nahodha, matroni, au mchezaji mmoja mtu mzima anayeaminika, afundishwe kupima na awe ndiye anayepokea maneno haya. Si jambo la kitaalamu sana; mtu mwenye akili timamu anajifunza kwa jioni moja.

Wa kijani anaendelea na kila kitu. Wa njano anafanya mazoezi lakini napunguza mashuti marefu, krosi na kugeuka kwa ghafla, na kwenye mazoezi ya nguvu namshusha ngazi. Wa nyekundu hachezi mpira siku hiyo, na tunaanza kutafuta kinachomsumbua.

Kinachoumia, na kinaumia saa ngapi

Paja la ndani lina misuli mitano. Unaobeba lawama nyingi ni ule mrefu, unaoanzia kwa kano kwenye mfupa wa kinena na kushuka mpaka katikati ya mfupa wa paja. Mwangalie winga wako anapotaka kufyatua shuti. Mguu unakwenda nyuma na nje kidogo. Msuli huu umevutwa karibu na mwisho wake. Halafu, wakati bado unarefuka, unatakiwa kuukamata mguu ule na kuurudisha mbele kwa kasi. Hapo, kabla kiatu hakijagusa mpira, ndipo mzigo unapokuwa mkubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mambo ni hayohayo beki wa pembeni anaporefusha mguu kumnyang'anya mtu mpira kwenye uwanja uliolowa, mguu wa pili ukamtelezea.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini mimi si shabiki wa kunyoosha misuli kama kinga. Mabinti wetu wengi wanapiga msamba vizuri mno. Paja linafunguka mpaka chini, kocha anafurahi, anaamini wako tayari. Lakini msamba unaonyesha msuli unafika wapi, hauonyeshi una nguvu gani ukiwa umefika huko. Msuli unaohitajika ni ule unaoweza kuvuta huku unarefuka, na nguvu ya aina hiyo hujengwa kwa kuubebesha mzigo na kuushusha polepole.

Si maneno yangu tu. Mwaka 1999, Per Hölmich, daktari wa Denmark, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya wanamichezo waliokuwa na maumivu ya kinena ya muda mrefu. Kundi moja lilipewa mazoezi ya nguvu ya paja la ndani na tumbo. Kundi la pili lilipata kuchuliwa, kunyooshwa na tiba za mashine. Waliorudi kwenye michezo bila maumivu walikuwa 23 kati ya 29 kwa kundi la kwanza, na 4 kati ya 30 kwa kundi la pili. Kila ninapoona foleni ya wachezaji wanaosubiri kupakwa mafuta ya kuchua, nazikumbuka namba hizo.

Kuhusu kinga yenyewe, Norway walichukua timu 35 zenye wachezaji 652, wakaziongezea baadhi zoezi moja tu ambalo nitalieleza hapa chini. Matokeo yalitoka 2019: kwa waliofanya, hatari ya matatizo ya kinena ilikuwa pungufu kwa asilimia 41. Wote walikuwa wanaume, na kocha wa timu ya wanawake anatakiwa kulijua hilo. Mimi silioni kuwa sababu ya kusubiri. Msuli ni uleule, kazi yake uwanjani ni ileile, na zoezi halihitaji fedha. Ninachobadilisha ni pa kuanzia: mabinti wangu wengi hawajawahi kubeba uzito wowote wa mazoezi maishani, wamebeba ndoo tu, kwa hiyo wote nawaanzisha ngazi ya chini, hata nahodha.

Zoezi la Copenhagen, ngazi kwa ngazi

Ngazi ya kwanza mchezaji yuko peke yake. Alale ubavu, tuseme ubavu wa kulia, kichwa kikiwa juu ya mkono. Mguu wa juu aukunje na kukanyaga chini mbele ya goti la mguu wa pili. Mguu wa chini, wa kulia, uwe umenyooka, vidole vikitazama mbele. Auinue mguu huo kutoka chini, ahesabu 3 wakati wa kupanda na 3 wakati wa kushuka. Zoezi linaonekana la watoto. Mwache afike la kumi ndipo umuulize.

Ngazi ya pili inahitaji mwenzake. Mchezaji analala ubavu na kujiegemeza kwa mkono, kiwiko kikiwa chini ya bega kabisa, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya kiwiko maana uwanja wetu una kokoto. Mwenzake anasimama nyuma ya miguu yake na kuushika mguu wa juu kwenye goti, mikono miwili. Mchezaji anajiinua mpaka bega, nyonga na goti vinakuwa mstari mmoja, na wakati huohuo anaupandisha mguu wa chini mpaka ukutane na wa juu. Kisha anashuka polepole, sekunde 3, mpaka nusu ya njia kwa mwili na mpaka mguu wa chini uguse ardhi bila kuikanyaga.

Ngazi ya tatu ni ileile, ila mshikaji anaushika mguu wa juu kwa mkono mmoja kwenye kifundo na mwingine chini ya goti, usawa wa nyonga yake mwenyewe. Umbali umeongezeka, uzito umeongezeka sana. Wapo wachezaji wanaofanya ngazi ya pili kwa kuimba ambao ngazi ya tatu hawafikishi mara 3, na hakuna ubaya.

Watu wengi wakitazama wanadhani mguu unaofanya kazi ni ule wa chini kwa kuwa ndio unaotembea. Kazi kubwa iko kwa mguu wa juu, unaogandamiza mikono ya mshikaji ili kuubeba mwili mzima. Mwambie mchezaji wako hivyo na umwambie agandamize. Mara moja utaona nyonga inapanda.

Nikipita kukagua, natazama vitu vitatu. Nyonga: ikianguka nyuma, au mwili ukigeuka kutazama juu, tumbo limeacha kazi. Bega: likipanda kugusa sikio, amechoka mkono kabla ya paja, apumzike. Na mwendo wa kushuka. Huu ndio wanaouiba zaidi. Anapanda vizuri, halafu anajibwaga. Lakini kushuka ndiko kunakojenga. Anayejibwaga ameacha nusu nzuri ya zoezi. Mimi nawahesabia kwa sauti, "moja... mbili... tatu", na anayefika chini kabla yangu anarudia.

Mshikaji naye ana masharti. Asimame mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mgongo wima, asicheke, asiachie. Panga watu kwa kimo. Kipa wetu mrefu akishikwa na kiungo mfupi miguu inakuwa chini na zoezi linabadilika. Na wanaume wasishike miguu ya wachezaji. Kocha wa kiume aeleze, aonyeshe kwa mwili wake akiwa kwenye benchi, kisha mabinti washikane wenyewe. Wanaovaa hijabu na suruali ndefu wanafanya bila tatizo lolote, ila tuchague kona ya uwanja isiyo na watazamaji, hasa zile siku ambazo bodaboda wote wa mtaa wameamua kuja kuangalia mazoezi.

Siku watu wakiwa idadi isiyogawanyika, anayebaki anatumia benchi. Mguu wa juu unakaa juu ya ubao, watu wawili wanakalia upande wa pili lisipinduke.

Kiasi na siku

Wakati wa maandalizi ya msimu nataka wiki 8; nikipata 6 nashukuru. Wiki mbili za kwanza ni mara 2 kwa wiki, marudio 3 hadi 5 kwa kila mguu, seti moja. Wiki mbili zinazofuata ni mara 3 kwa wiki, marudio 7 hadi 10. Baada ya hapo tunapanda taratibu mpaka 15. Mchezaji anapanda ngazi akifikisha idadi ya wiki hiyo kwa mwendo safi na maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10 kwenye kinena. Yakizidi 3, anashuka ngazi moja siku hiyohiyo, pale pale, bila majadiliano.

Tunafanya baada ya kupasha na kabla ya mpira. Mwisho wa mazoezi haifai kwetu: giza linaingia, wengine wanawahi daladala, wengine wamechoka hata kusikiliza.

Misuli itakaza. Siku ya pili baada ya mara ya kwanza, kupanda ngazi za nyumba ni kazi, na atakuja mmoja kukwambia umemuumiza. Kukaza huko kuko katikati ya nyama ya paja, kwa miguu yote miwili, na kunakwisha kwa siku mbili au tatu. Maumivu ya upande mmoja, juu kabisa karibu na mfupa, ni jambo jingine. Wafundishe tofauti hiyo mapema ili wasiogope kitu kisicho na hatari na wasipuuze chenye hatari.

Ligi ikianza, mara 1 kwa wiki, marudio 10 hadi 15 kwa kila mguu, inatosha kulinda mlichojenga. Sisi ni Jumanne au Jumatano. Siku moja kabla ya mechi kamwe. Na hapa ndipo timu nyingi zinapoangukia. Maandalizi wanafanya, mechi ya tatu wakifungwa mbili bila kocha anafuta kila kitu kisicho mpira. Dakika 5 kwa wiki hazijawahi kuifungisha timu.

Vinavyoandamana nalo

Programu za kulinda goti zimetusaidia sana. Ile ya FIFA iitwayo 11+ ilijaribiwa kwa wasichana wa Norway wenye miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa 2008, na tangu hapo makocha wengi wa wasichana wanaitumia wakati wa kupasha. Ifanyeni. Lakini toleo lile la awali halina zoezi la Copenhagen, na tabia iliyozuka pembeni yake ni kutembea upandeupande kama kaa na mpira wa kuvuta magotini, yaani kuimarisha upande wa nje wa nyonga peke yake. Kwenye timu moja ya hoki ya barafu ya NHL, ligi ya Amerika Kaskazini, utafiti wa 2001 ulionyesha kwamba mchezaji ambaye nguvu ya paja lake la ndani ilikuwa chini ya asilimia 80 ya nguvu ya upande wa nje, alikuwa na uwezekano mara 17 zaidi wa kuchanika msuli wa paja la ndani. Hoki si soka, lakini somo la uwiano nalichukua. Ukiujenga ukuta wa nje, jenga na wa ndani.

Kwa hiyo naongeza mambo machache, tena kwa zamu, siyo yote kwa siku moja.

Tyubu kuukuu ya baiskeli, iliyokatwa na kufungwa kwenye mti wa goli. Mchezaji anasimama ubavu, tyubu ikiwa kwenye kifundo cha mguu ulio karibu na mti. Anauvuta mguu kuelekea ndani mpaka upite mbele ya mwingine, anaurudisha kwa kuhesabu 3. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu anatupa hizo tyubu bure. Akikuuzia kwa zaidi ya mia tano anakuibia.

Kuteleza kwenye baraza. Mguu mmoja umekanyaga kitambaa kilichokunjwa juu ya saruji, wa pili umekanyaga saruji yenyewe. Anateleza mguu wa kitambaa kwenda pembeni huku goti la mguu wa pili likikunjika, kisha anauvuta kurudi kwa nguvu ya paja, bila kurukia. Marudio 8 kwa kila upande. Hili ndilo ninalolipenda zaidi baada ya Copenhagen kwa sababu linafanana na lile tukio la beki kurefusha mguu. Baraza ioshwe kwanza. Mchanga kidogo tu unaharibu.

Tumbo: kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 30. Misuli ya tumbo na ya paja la ndani inakutana kwenye mfupa uleule wa kinena, inauvuta huku na huku, na upande mmoja ukiwa dhaifu mwingine unaumia.

Na kubana mpira. Kalala chali, magoti yamekunjwa, mpira kati ya magoti, abane sekunde 10, apumzike, arudie mara 5. Hili ni zoezi la wale wa njano, ambao siku hiyo wameshushwa ngazi na wanajiona wametengwa. Wasiachwe wamekaa.

Mambo ya mwili wa kike

Maumivu ya hedhi yanaweza kushuka mpaka kinenani na mapajani, na ndiyo maana kwenye daftari langu kuna alama ndogo ya siku za hedhi, kwa mchezaji anayekubali kuniambia. Maumivu yanayokuja na kuondoka na siku zake hayana tabia ya yale yanayokuja na krosi.

Hedhi inayopotea inanipa hofu zaidi kuliko inayouma. Mchezaji anayekunywa chai ya rangi na andazi moja asubuhi, anakimbia jioni, na miezi 3 hajaona siku zake wala hana ujauzito, mwili wake umeanza kubana matumizi. Mifupa ndiyo inayolipa. Mfupa wa nyonga au wa shingo ya paja unaweza kupata ufa kwa mzigo wa kila siku tu, bila kuanguka, na maumivu yake yanakaa pale pale kinenani. Huyu usimpe Copenhagen. Mpeleke hospitali, na nyumbani kuongelewe chakula.

Mama aliyerudi baada ya kujifungua anaanza upya kabisa, baada ya kuruhusiwa na mkunga au daktari. Kwanza misuli ya sakafu ya nyonga na tumbo, halafu kubana mpira, halafu ngazi ya kwanza. Akisikia mfupa wa mbele unauma au mkojo unamponyoka, bado hajawa tayari kwa ngazi ya pili. Amwambie mtu, wengi wanalificha hilo wakiamini ndiyo hali ya uzazi.

Wa kupelekwa hospitali bila kusubiri Jumatatu: aliyesikia kitu kikikatika na paja likavilia damu, anayeshindwa kuruka kwa mguu mmoja, anayeamshwa usiku na maumivu, mwenye uvimbe kinenani, homa, au ganzi, na yule ambaye nyonga inakwama ikigeuzwa. Akiambiwa picha ya eksirei haina kitu na bado hawezi kukanyaga, arudi tena. Ufa mpya mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kwanza.

Mzigo unaopanda ghafla

Tangu Serengeti Girls wa Tanzania wafike robo fainali ya Kombe la Dunia la U17 kule India 2022, na Junior Starlets wa Kenya wacheze la 2024 Jamhuri ya Dominika, mabinti wanaokuja kujaribu bahati yao wameongezeka, na wazazi wanaowaruhusu pia. Ni furaha. Lakini njia wanayopitia ni ngumu kwa kinena. Binti anacheza mara moja kwa wiki shuleni, ghafla anaitwa kwenye timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, mechi siku baada ya siku. Akirudi, ndondo ya mtaani inamsubiri. Kisha sisi tunampokea na kumwanzishia mazoezi ya kila jioni.

Anayerudi kutoka mashindano ya namna hiyo, kwangu anapimwa kwanza, na wiki ya kwanza anafanya nusu ya mazoezi ya wenzake. Makocha wa shule wananiona mkaidi. Sawa.

Ramadhani tunahamisha mazoezi baada ya tarawehe, au tunafanya muda mfupi kabla ya futari kwa wanaopendelea hivyo. Nguvu hatuachi: mara 1 kwa wiki, usiku, baada ya kula na kunywa maji ya kutosha, marudio pungufu. Wiki 4 bila kitu chochote zinatosha kupunguza ulichokijenga, na mechi ya kwanza baada ya Idi huwa na joto lake.

Mchezaji aliyekaa nje zaidi ya wiki mbili kwa sababu yoyote, iwe mtihani, msiba, malaria au safari ya kijijini, akirudi ashuke ngazi moja kutoka pale alipoishia na aanze na marudio 5. Kama ile Jumatatu ya kwanza namba yake ni kijani na siku ya pili paja halikukaza sana, wiki inayofuata mrudishe ngazi yake. Kama ni njano, anabaki na mpira kati ya magoti mpaka ishuke.